Faharasa ya Mfereji Wetu

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nawaambia natengeneza mfumo wa kutafutia maandishi, na wengi hunitazama kama niliyesema nauza hewa. Sijali. Mfumo upo na unafanya kazi. Unakaa kwenye kompyuta ya mtumba, ghorofani juu ya duka la mabomba na koki katikati ya mji wa Arusha, na niliujenga mwenyewe. Nalitanguliza hilo kwa sababu kamati iliyonipa kazi ina wajumbe ambao mpaka leo huuzungumzia kana kwamba ulinyesha pamoja na masika. Kuna kitu kimoja ndani yake ambacho nimeombwa mara nyingi nikiondoe. Sijakiondoa, na nataka kueleza kwa nini kabla hawajaeleza wao.

Mimi ni mtu wa miteremko ya Meru, juu ya Olmotonyi, pale msitu wa misonobari unapoishia na mashamba ya kahawa na migomba yanapoanza. Maji yetu ya kumwagilia huja kwa mfereji uliochimbwa zamani sana. Kila boma lina zamu yake: siku yake, saa yake, na mtu wake wa kufungua na kufunga. Zamu inayotamaniwa na kila mtu ni ya alfajiri, kwa sababu maji ya saa hizo huzama ardhini kabla jua halijakomaa. Ya mchana hukupa tope la juu juu tu, na kufikia jioni kabichi zimeshalala. Mama yangu alikuwa na Alhamisi alfajiri. Kwa zamu hiyo alilima kabichi na karoti, akazipeleka sokoni, akanisomesha mpaka nikajua kuandika programu.

Mambo yote ya mfereji huamuliwa kikaoni, na kila kikao huandikiwa muhtasari. Ya zamani iliandikwa kwa mkono, ya baadaye kwa taipureta, na siku hizi makatibu huandika kwenye simu. Umoja wa mifereji, wenye ofisi hapo juu ya duka la mabomba, uliikusanya yote ukaichapa upya kwenye kompyuta. Kuichapa hakukusaidia sana. Ugomvi wa zamu ulipozuka, katibu wa umoja alifungua faili moja baada ya jingine huku akipangusa miwani, mpaka wagombanaji wakachoka wakashuka kunywa chai. Ndipo nilipoitwa.

Mwanzoni kabisa nilikutana na mtaalamu mmoja kwenye mkusanyiko wetu wa watengeneza programu hapa mjini. Akaniuliza, huku akicheka, kwa nini najisumbua kujenga kitu ambacho wenzetu wa nje walishakijenga. Nikamwambia nimesoma walivyofanya, tena nimesoma kwa adabu, na nilichokiona chema nimekichukua. Lakini mfumo wa mtu mwingine hauijui mihtasari yetu, na mtandao wa juu Olmotonyi ukipigwa na ukungu unazimika. Alisema nitachoka. Nilirudi nyumbani kwangu Sekei nikiwa nimenuna, nikaanza kuandika siku ileile.

Nieleze jinsi ulivyojengwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Una matabaka, na kila tabaka lina kazi yake na haliingilii ya mwenzake. La kwanza ni ghala: muhtasari ukiingia humo unabaki ulivyo, hakuna wa kuugusa, hata mimi. La pili hukata maandishi kuwa neno moja moja. La tatu ndiyo faharasa yenyewe, na mtu yeyote aliyewahi kushika kile kitabu cha nyimbo cha kanisani anaijua. Hutafuti wimbo kwa kufunua kurasa zote tangu mwanzo. Unakwenda nyuma, unaona mstari wa kwanza wa wimbo, unaona namba, unafungua. Faharasa yangu hufanya hivyo kwa kila neno: imeandika neno hili lipo kurasa zipi, na mahali gani katika kila ukurasa.

Faharasa hiyo huandikwa kwa mafungu. Fungu likishakamilika halisahihishwi. Mihtasari mipya ikija, huandikiwa fungu jipya pembeni, na mara kwa mara mafungu madogo huunganishwa kuwa kubwa. Ukitaka ukurasa usionekane, huufuti papo hapo. Unaweka alama kando yake kwamba urukwe, na unakuwa umo mle mle ndani, umekaa kimya. Nilipokuwa nalijenga hilo sikuona lina uzito wowote. Ni ufundi wa kawaida tu, unafanya mashine iende haraka.

Tabaka la nne hupanga majibu: ukurasa upi utangulie. Neno linaloonekana kila mahali halina nguvu. Mtu akiandika "maji" kwenye mihtasari ya mfereji, atakuwa hajasema kitu. Neno adimu ndilo hubeba uzito. Jambo nililoligombania kuliko yote ni kwamba mpangaji huyo hajui nani anauliza. Mwenyekiti wa umoja aliwahi kutaka mihtasari ya kamati yake itangulie siku zote, kwa heshima. Nikamwambia heshima atapewa kwenye kiti, kwenye faharasa tunapanga foleni. Hakulipenda hilo, na wala sikumwomba alipende.

Sasa nifike kwenye tabaka la tano, lile ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena. Siku ya mazishi mchungaji atalisoma, na mafundi watalichonga kwenye msalaba, lakini baada ya hapo wazee hawalitamki, na wanaolitamka hutazamwa vibaya. Mtu huitwa kwa alichoacha. Baba yangu alilaza magogo juu ya mfereji ili akina mama wavuke na mizigo bila kulowa, na tangu alipozikwa anaitwa mwenye daraja. Mwenzake wa boma la chini, aliyekufa kabla yake, aliacha mkuyu mkubwa karibu na maji. Huyo ni mwenye mkuyu.

Makatibu wa mfereji ni watu wa hukohuko, kwa hiyo wanaandika wanavyosema. Mtu anatajwa kwa jina lake katika mihtasari miaka na miaka, halafu ghafla jina linakatika kama maji ya bomba. Mgeni angedhani amehama. Kumbe yumo, anajadiliwa kila kikao, amebadilishiwa jina tu. Mfumo wowote ulionunuliwa dukani ungemuua mara ya pili. Nilipeleka kompyuta yangu juu, nikakaa na akina mama pale wanapopimiwa maziwa asubuhi, nikawauliza mwenye hili ni nani, mwenye lile ni nani. Walipofika kwenye jina lenyewe walinyamaza, wakanionyesha boma kwa kidevu, na mimi nikajaza mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyopata viungo: andika jina, mfumo unakwenda pia kwa mwenye mkuyu, andika mwenye mkuyu, unakwenda kwa jina. Asiyetaka kulitaja halazimiki kulitaja, na bado mtu wake atampata.

Nilijivunia tabaka hilo. Bado najivunia.

Kisha mvua za vuli zikatupa mgongo. Mfereji ulibaki na maji ya kufika magotini mwa kuku, na kila mwenye zamu akawa analala na jembe. Katika hali hiyo mwanamke wa boma la chini, binti pekee wa mwenye mkuyu, alipeleka lalamiko kwenye kamati ya mfereji. Alidai Alhamisi alfajiri ni ya baba yake na boma letu liliazimwa tu. Aliambiwa hivyo na marehemu mama yake. Tulicheza pamoja utotoni, ananipita kidogo kwa umri, ana watoto na shamba lililokauka. Hakuwa mtu wa fujo, na kwa sababu hiyo kila mtu aliona ni rahisi kumwambia arudi nyumbani akalete shahidi.

Shahidi hakuwepo. Wapo wazee waliokuwa kikaoni enzi hizo na kumbukumbu zao ni nzima, ila kusimama na kueleza kungewalazimu kumzungumzia mtu asiyetajwa. Kwa hiyo wakajifanya hamnazo. Kamati ikaamua jambo lipelekwe umoja, mihtasari itafutwe, kisha kikao kikae na kumaliza.

Lalamiko lilipofika ofisini nilifanya ambacho mtu yeyote angefanya: niliandika jina la baba yake kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Mfumo ukapitia kiungo mpaka kwa mwenye mkuyu, na ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa kikao kilichofanyika baada ya mazishi yake, nikiwa bado mtoto. Kwa kuwa mwenye mkuyu ameacha mtoto mdogo, ukurasa ulisema, zamu yake ya Alhamisi alfajiri itatumiwa na boma la juu mpaka mtoto akue. Likafuata jina la baba yangu, kamili, kwa kuwa wakati huo alikuwa hai, na kwamba amekubali na ameahidi mbele ya wote kuirudisha.

Sitajifanya hapa kwamba nilifurahia ukweli kupatikana. Nilifikiria kabichi za mama, nikafikiria mgongo wake, nikatamani niwe ninauza viatu. Baba alikufa kabla mtoto yule hajakua, na mama akaendelea kufungua maji kila Alhamisi. Hakuna aliyemwambia aache. Mihtasari ya baadaye yote inasema zamu ya mwenye daraja, kana kwamba ilikuwa yake tangu dunia iumbwe.

Jumapili baada ya ibada baba yangu mdogo alikuja kwangu Sekei. Ni mdogo wake baba, mjumbe wa kamati ya mfereji, na ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi. Nikamwamkia, nikamwekea chai. Alizungumza habari za ng'ombe na za kwaya, akasifu nyumba ninayopanga, akasifu hata mapazia ambayo hayana cha kusifiwa. Nikajua anazunguka. Mwishowe aliweka kikombe chini.

"Sikuombi ufute kitu, mwanangu," alisema. "Ule ukurasa uache ulivyo. Nakuomba ufungue kifundo kimoja tu, kile kinachomfunga mwenye mkuyu na jina lake. Yule mtu hatajwi. Hata mila yenyewe inataka hivyo."

Ni lazima nikiri alikuwa ameelewa mfumo wangu kuliko wajumbe wote wa umoja. Hakutaka kuchoma karatasi. Alijua kiungo kimoja kikikatika, katibu ataandika jina la marehemu, ataletewa mihtasari ya enzi za uhai wake tu, atasema kwa moyo mweupe kwamba hakuona mwazimo wowote. Hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Mila ingekuwa imefanya kazi yote, na sisi tungeendelea kumwagilia.

Damu ilinichemka, na ilinichemka zaidi kwa sababu alitamka neno mila kwa sauti ile ya upole.

"Baba mdogo, mila ilisema tusimtaje," nilimwambia. "Haikusema tunywe maji ya mwanawe."

"Na mama yako amwagilie kwa nini? Kwa mate?"

"Kwa zamu atakayopewa."

Akaniuliza kama mama anajua kwamba nimeuona ukurasa huo. Nikamjibu kwamba mama alikuwapo baba akiahidi, kwa hiyo hakuna nilichomzidi. Alivaa kofia, akaaga vizuri, akaenda zake bila kumaliza chai. Sikumsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa, na sijutii.

Kesho yake niliingia ofisini nikiwa na hasira bado, nikampa katibu wa umoja masharti yangu. Kikao kikifika, sitaandika mimi kwenye kisanduku. Mlalamikaji ataandika mwenyewe, na baada yake mama yangu naye aandike, na yeyote mwingine mwenye shaka. Katibu alijikuna kichwa akasema naweza kuomba tu kutohudhuria, watu wataelewa. Nilimwambia watu wakielewa sana ndipo mambo huharibika. Nitakuja, na nitakaa mbele.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nilikuwa nimebeba nakala ya mfumo mzima kwenye kompyuta ndogo, maana kule juu sitegemei mtandao. Mama alikaa upande wa dirisha, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Niliposema shikamoo aliitikia kama anavyomwitikia mtu yeyote. Kabla sijafungua kompyuta, mzee mmoja wa nyuma alisimama akauliza ni haki gani itapatikana ikiwa mashine ni ya binti wa mwenye zamu. Darasa likanong'ona kwamba ndiyo, ndiyo.

Swali lile nililipenda. Nilisimama nikawaeleza jinsi mfumo ulivyojengwa, tabaka kwa tabaka, kama nilivyoeleza hapa, mpaka kwa yule mpangaji asiyejua nani anauliza. Nikasema sitaigusa mashine. Kisha nikaigeuza ikamtazama mwanamke wa boma la chini, nikaenda kusimama ukutani na mikono yangu nyuma ambapo kila mtu aliiona.

Alisogea taratibu. Vidole vyake vilisimama juu ya herufi kwa muda, na nilijua anachopigana nacho: jina la baba yake lilikuwa kinywani na hakuweza kulitoa hata kwa vidole. Aliandika "mwenye mkuyu." Ilitosha. Ukurasa ulitokea wa kwanza, kama ulivyotokea kwangu, na katibu wa umoja akainama kuusoma kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye jina la baba yangu. Hapo alisita, akasema "mwenye daraja," akaendelea mpaka kwenye ahadi.

Mwenyekiti wa kamati alimuuliza mama kama anataka kuandika chochote kwenye mashine. Mama alitikisa kichwa. Basi zamu ikarudishwa boma la chini, na sisi tukapewa Jumatatu mchana, saa ambazo jua la kwetu halina utani. Mama alisimama, akakung'uta kitenge, akatoka. Nilimfuata mpaka getini, nikamwita "Yeyo," yaani mama kwa lugha ya kwetu, akaendelea kutembea. Nililia pale getini, mtu mzima, mbele ya wazee waliokuwa wakitoka. Baba mdogo alipita pembeni yangu akitazama mlima.

Tangu siku hiyo mama alinikalia kimya. Nilipiga simu, akapokea mjukuu wa jirani akasema bibi yuko shambani. Nilipanda Olmotonyi siku za Jumamosi, akanipikia, akanipa ndizi za kurudi nazo mjini, lakini neno la ziada sikulipata. Kabichi zilikufa kweli. Akapanda maharage, ambayo hayadai sana. Katika ukoo nikawa yule aliyesoma kwa maji akayatoa. Nilisemwa hivyo kwenye harusi, nikiwa meza ya tatu, nikaendelea kula pilau yangu.

Umoja nao ukanigeuka kwa njia yake. Migogoro mingine ilianza kufufuka, maana watu waligundua kwamba wafu wao wanapatikana. Mwenyekiti wa umoja akaitisha kikao, akaeleza kwa maneno marefu haja ya utulivu, akapendekeza viungo viondolewe kwa muda, au angalau awekewe kitufe cha kuficha kurasa zinazoweza kuleta chuki. Waliniomba kwa upole, kisha kwa barua, kisha kwa kunikumbusha kwamba mkataba wangu unakaribia kwisha. Niliwaambia kitufe hicho nitakiweka siku nikifa, na hata hapo itawabidi wanitafute kwa jina jingine. Katibu alicheka, akajikausha haraka. Nikaongeza kwamba wakitaka mtu wa kukata viungo, mji una mafundi, wamtafute. Ila mimi nitasimama kwenye kila kikao cha mfereji nieleze kilichokatwa ni nini. Mpaka ninapoandika haya hawajamtafuta, na mkataba hawajauhuisha wala kuuvunja. Naenda kazini kila asubuhi kana kwamba hawana uwezo wa kunifukuza.

Asubuhi moja, mwenye duka la mabomba, mzee wa Kisingasinga ambaye hutuunganishia umeme wa betri zake wa kwetu ukikatika, alipanda ngazi mwenyewe kuniambia nina mgeni. Nyuma yake alikuwa mama yangu. Hakuwa amewahi kufika ofisini kwangu. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kanisani, ana mfuko wa maharage mabichi mkononi, na anahema kwa ajili ya ngazi. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikaanza kuhangaika na chai. Akaniambia niiache chai.

Alisogeza kiti mbele ya kompyuta, akaniuliza mtu anaandika wapi. Nikamwonyesha. Kwa kidole kimoja, herufi moja moja, aliandika "mwenye daraja."

Mfumo ulipita kwenye kiungo ukaenda kwa jina, ukamletea vyote. Vikao alivyosema baba, vikao alivyogombana na watu, siku alipokataa kuwa mweka hazina, siku alipotozwa mbuzi kwa kuchelewa kufunga maji. Mama alisoma akiwa ameinamia skrini, midomo inacheza. Alicheka alipofika kwenye mbuzi, akasema yule mbuzi alikuwa wa kwake, si wa baba. Mzee wa Kisingasinga alirudi dukani kwake. Simu za ofisi ziliita nikaziacha ziite. Sikusogea, niliogopa nikisogea atakumbuka kwamba amenikasirikia.

Mwishowe alifika kwenye ukurasa ule. Nilimwona ameutambua, akarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Jina la baba lilikuwa hapo, kamili, kama mtu aliye hai. Msalaba wa mbao wa kaburini ulishaoza zamani, na sidhani mama alikuwa ameliona limeandikwa mahali popote tangu wakati huo. Sitalitaja hapa. Alinyoosha kidole, kile cha shamba chenye kucha iliyopasuka, akakiweka chini ya jina, akakisogeza taratibu mpaka kwenye neno ameahidi.

"Baba yako mdogo ananiambia wanataka uuondoe," alisema.

"Wanataka, Yeyo."

Alikaa vile vile, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Hili ni neno lake," alisema. "Usithubutu kuligusa."